Kupunguza Gwanda Bila Kuliharibu

Huko Marekani viko vyama vya vijana vinavyofuata taratibu za kijeshi katika mafunzo na katika mavazi, ijapokuwa wanachama wake si askari wala hawalazimiki kuwa askari baadaye. Civil Air Patrol, iliyoasisiwa tarehe 1 Desemba 1941, siku chache kabla ya nchi ile kuingia katika Vita Vikuu vya Pili, hupokea makadeti kuanzia umri wa miaka 12. Naval Sea Cadet Corps, iliyoanza mwaka 1958, huwachukua wa miaka 13, na tawi lake la wadogo huwachukua hata wa miaka 10. Na Young Marines, chama kilichozaliwa mwaka 1959 katika mji wa Waterbury, jimbo la Connecticut, huwapokea watoto wa miaka 8. Vijana hawa huvaa magwanda, na magwanda hayo aghalabu hayakukatwa kwa ajili yao: ni akiba iliyosalia ghalani jeshi lilipobadili sare, ikauzwa kwa bei nafuu au ikagawiwa bure, nayo ilishonwa kwa kipimo cha mtu mzima aliyekwisha kupanuka mabega. Basi mzazi ambaye riziki imemfikisha nchi ile, na mwanawe akarudi nyumbani na koti linalomfika magotini, au fundi wa cherehani aliyewekewa mzigo huo mezani, atapenda kujua aanzie wapi.

Kabla ya kushika mkasi, na ikiwezekana hata baada ya hapo, uikubali kanuni hii ambayo ndiyo asili ya yote yatakayofuata: gwanda la mtoto hupunguzwa kwa kukunja, halipunguzwi kwa kukata. Upana wote unaouondoa nje uubakize ndani, na urefu wote unaoupandisha uulaze chini ya upindo, kwa sababu mtoto wa miaka 12 yumo katika umri wa kurefuka, na gwanda lililomkaa vyema mwezi wa kwanza huenda likambana kabla ya mwaka kwisha. Fauka ya hayo, nguo hizi nyingi hazishonwi tena kwa ajili ya jeshi, na ile akiba ya ghalani hupungua kila mwaka, kwa hiyo koti lililokatwa ni koti moja lililotoweka. Aidha desturi ya vikosi vya vijana ni kupokezana sare, mkubwa akimwachia mdogo. Na fundi aliyekata kwa ajili ya mmoja amewanyima wanne watakaokuja nyuma yake.

Kuchagua gwanda

Nusu ya kazi ya kupunguza hufanyika ghalani, wakati wa kuchagua, na mtu aliyechagua vibaya hataokolewa na ufundi wowote. Magwanda ya Kimarekani ya mtindo wa zamani, yale yenye mabaka ya rangi za msituni yaliyoingia kazini mwaka 1981 na kujulikana kwa herufi BDU, yana kitambulisho ndani chenye vipimo vilivyoandikwa waziwazi kwa inchi, na chini yake tarakimu nane zilizogawanywa kwa mkwaju. Koti la kadiri ya kati, mathalan, huandikwa 7080/9404, maana yake ni kwamba linamfaa mtu mwenye kimo cha sentimita 170 hadi 180, na kifua cha sentimita 94 hadi 104. Koti dogo huanzia kifua cha sentimita 84. Sasa mtoto wa miaka 12 mwenye kimo cha sentimita 150 na kifua cha 75 huenda asikute koti lililoandikwa kwa ajili yake, lakini akipata lile dogo kabisa la kifua na fupi kabisa la kimo, fundi atakuwa na sentimita chache tu za kuondoa; akipewa la kadiri ya kati, kazi haitakuwa tena kupunguza, itakuwa kushona nguo mpya kwa kitambaa cha kale.

Katika kuchagua koti, tazama mabega kabla ya jambo jingine lolote. Kifua hupunguzika, mikono hufupika, pindo hupanda. Ama bega, kulipunguza ni kufumua mkono mzima, kukata mviringo wa kwapa na kuushona upya, na hiyo ni kazi isiyorudi nyuma. Mvishe mtoto, mwambie aachilie mikono, kisha utafute kwa kidole ncha ya mfupa wa bega lake: mshono wa mkono ukiwa umepita ncha hiyo kwa upana wa vidole viwili, koti linafaa, ukiwa umeteremka hadi katikati ya mkono, lirudishe ghalani. Katika kuchagua suruali, tazama kina cha msamba, yaani umbali wa kutoka kiunoni hadi pale miguu inapogawanyika, kwa maana hapo pia hapapunguziki pasipo kubomoa ukanda wote. Wala usidharau magwanda yaliyokatwa kwa ajili ya askari wanawake: sare ya jeshi la anga ijulikanayo kwa herufi ABU, iliyoanza kutolewa mwaka 2007 na kuondolewa kazini tarehe 1 Aprili 2021, ilishonwa kwa vipimo vya wanaume na vya wanawake mbalimbali, na mabega ya vile vipimo vidogo vya wanawake huwakaa vizuri hata wavulana, maadamu kanuni za chama hazikatazi.

Kitambaa na vifaa

Magwanda mengi ya aina hizi yamefumwa kwa pamba nusu na nailoni nusu. Mazito yana mistari ya mshazari, na mepesi ya nchi za joto yana vijisanduku vidogo vya nyuzi nene vinavyozuia mpasuko usiendelee. Yapo pia ya zamani ya pamba tupu, nayo yakiingia maji moto hunywea. Kwa hiyo, liwe jipya au kuukuu, lifue gwanda na kulikausha kama litakavyofuliwa siku zote, kisha ndipo upime. Usilitie wanga, kwani watengenezaji wenyewe wamekataza jambo hilo, na usiiache pasi kali juu ya nailoni, isije ikaacha mng'ao usiotoka tena. Pasi ya wastani juu ya kitambaa chembamba chenye unyevu yatosha.

Sindano iwe ya namba 100, ile inayotumiwa kwa jinzi, maana mishono ya gwanda imekunjwa mara mbili na kupigwa nyuzi mbili sambamba, na sindano nyembamba itavunjika penye makutano. Uzi uwe wa polista wenye nguvu, wa rangi ya kijani iliyofifia au ya kijivu kulingana na gwanda, na hatua ya mshono iwe milimita 3. Ongeza chaki, pini, futi ya fundi, kifumulio, na uzi mweupe wa kupigia bandi. Mkasi wenyewe utautumia kwa kukatia nyuzi.

Kupima

Mtoto avae fulana atakayoivaa chini ya gwanda, avae na buti zake, kwa kuwa urefu wa suruali haupimwi pekupeku. Ligeuze koti ndani nje, mvishe, ulifunge vifungo vyote, kisha ushike kwa pini pale panapozidi. Na ukimaliza, usifurahie ulivyolibana, bali mwamuru ainue mikono juu, aikunjue mbele kama anayesukuma mlango, achuchumae na ainame, kwa sababu vijana hawa hutambaa, hupiga kwata na hubeba mizigo. Gwanda si suti. Liache kifua kikiwa na nafasi ya sentimita 10 hadi 12 zaidi ya mwili, na kiuno cha suruali kikiwa na nafasi ya vidole viwili.

Hesabu moja huwapotosha mafundi chipukizi, nayo ni ya mshono wa ubavuni. Ukiingiza mshono ndani kwa sentimita moja, umeondoa sentimita moja mbele na nyingine nyuma, na kwa kuwa mbavu ni mbili, mzunguko wa koti umepungua kwa sentimita nne. Basi anayetaka kuondoa sentimita 10 kwa jumla asiingize zaidi ya sentimita mbili na nusu kila ubavu.

Koti

Koti la gwanda lina mifuko minne mbele, miwili kifuani na miwili chini, na mifuko hiyo ndiyo mpaka wa kazi yako. Pima umbali kati ya ukingo wa mfuko wa chini na mshono wa ubavuni: hapo ndipo unapoweza kula kitambaa, na ukipita hapo utaushona mfuko ndani ya mshono usifunguke tena. Aghalabu nafasi hiyo ni ndogo, nayo haitoshi peke yake. Kwa hiyo gawanya mzigo: sehemu iondoke ubavuni, na sehemu iondoke mgongoni, ambako hakuna mfuko wala kifungo cha kukuzuia. Mgongoni piga mikunjo miwili ya wima, mmoja kila upande, ianze kwa ncha nyembamba chini ya mfupa wa bega, ipanuke kiunoni na iteremke hadi pindoni, kila mmoja ukiwa umbali sawa na uti wa mgongo. Ilaze ndani kuelekea ubavuni, uipige bandi, umvishe tena mtoto, kisha ndipo upitishe cherehani.

Ubavuni usifumue mshono wa asili, kwa maana ule ndio wenye nguvu. Shona mstari mpya ndani yake, ukianzia kwenye mkono karibu na kifundo, upite chini ya mkono hadi kwapani, ugeuke taratibu na kuteremka hadi pindoni, yote kwa mkupuo mmoja. Kwapani ndipo zinapokutana tabaka nyingi za kitambaa. Hapo uondoe mguu kwenye kanyagio, uzungushe gurudumu kwa mkono hatua kwa hatua, na ikiwa bado ni pagumu, pagonge kwa nyundo ya mbao juu ya ubao ili palainike. Mwanzo na mwisho wa mshono rudia mara mbili. Kitambaa kilichobaki ndani kilaze upande wa mgongo, ukishikize mahali mahali kwa mkono, kisimkere mtoto.

Mikono ya koti ina viraka vya viwiko, na viraka hivyo hukuonyesha kiasi unachoweza kufupisha. Ukifupisha kwa sentimita nne au tano, kiraka kitabaki karibu na kiwiko. Ukizidisha, kitateremka hadi katikati ya mkono wa mbele, na kila mtu atajua kwamba nguo haikuwa yake. Ili usibomoe pindo la mkono pamoja na kishikizo chake, bana mkunjo ndani ya mkono kuuzunguka wote, juu kidogo ya mshono wa pindo, hata mstari mpya ukutane na ule wa zamani. Kwa mbali jicho litaona mshono mmoja. Mkunjo wa sentimita mbili ndani huondoa sentimita nne za urefu. Mtoto akirefuka, fumua, piga pasi, mkono urejee.

Urefu wa koti lenyewe uuguse kwa nadra. Mifuko ya chini hukaribia pindo, na pindo likipandishwa hadi kuigusa, umbo lote huharibika. Sentimita mbili au tatu zaweza kupandishwa. Zaidi ya hapo, vumilia. Ukosi nao uuache kama ulivyo.

Suruali

Anza na vile alivyoviweka fundi wa kwanza. Suruali za gwanda la BDU zina vishikizo viwili kiunoni vya kukazia, na kamba ndani ya pindo la kila mguu, na mara nyingi kukaza kishikizo hadi mwisho kwatosha kwa mtoto aliyepungukiwa kidogo. Pasipotosha, fungua ukanda nyuma, katikati ya vitanzi viwili vya mkanda, na uingize mshono wa nyuma ndani kwa umbo la kabari: mpana juu, ukipungua kadiri unavyoteremka, hadi uungane na mshono wa asili kabla ya kufika msambani. Kisha ufunge ukanda juu yake. Hapa napo mifuko ndiyo inayotoa hukumu: ile miwili ya nyuma ikianza kukaribiana kama macho ya bundi, umeondoa kupita kiasi. Sentimita sita hivi hustahimilika. Baada ya hapo, tafuta suruali ndogo.

Miguu ipunguzwe kwa mshono wa ndani peke yake. Mshono wa nje umebeba mfuko mkubwa wa pajani wenye mikunjo, na anayeugusa atalazimika kuung'oa mfuko na kuurudisha, kazi ya nusu siku isiyo na faida. Toka msambani hadi kwenye pindo uteremke kwa mstari ulionyooka, ukipunguza sawasawa miguu yote miwili, na uache nafasi gotini, maana pale pana kiraka cha pili na goti linalokunjika linahitaji upana.

Kuhusu urefu, sare yenyewe imekusaidia. Suruali ya gwanda huvaliwa juu ya buti, pindo likikunjwa kwa ndani na kushikwa na mpira, hata kitambaa kikafutuka kidogo juu ya mpira huo, na mkunjo huo hula sentimita kadhaa bila ya fundi kufanya lolote. Kwa hiyo usifupishe suruali ikomee kwenye kifundo; iache ipite kifundo kwa sentimita 8 hadi 10. Kinachozidi hapo kipandishe ndani, ukishone kwa mkono kwa hatua ndefu, uzi uchukue nyuzi moja mbili tu za upande wa nje. Lakini ikiwa unalazimika kupandisha sentimita 15 au zaidi, tazama ulipo mfuko wa paja: ukiwa umekaa ubavuni mwa goti, pindo halina dawa, suruali ile ni ya mtu mwingine.

Kofia na alama

Kofia haipunguzwi. Tia utepe wa sponji au wa kitambaa cha sufu ndani ya ukanda wa jasho, uushikize kwa mkono pahali panne, na uuondoe kichwa kinapokua.

Alama ndizo za mwisho kushonwa, baada ya koti kumkaa mtoto na baada ya kufuliwa mara moja, ila kazi ya kuziondoa zile za zamani ni ya mwanzo. Utepe wa jina la askari aliyetangulia, utepe wa jeshi lake, tepe za cheo chake, vyote vitoke, kwa kuwa mtoto hana haki navyo. Kata uzi kutoka upande wa ndani, uvute utepe kwa upole, ung'oe nyuzi zilizosalia kwa kibanio. Nyuma yake patabaki mstatili wa rangi iliyokoza, ambao jua halikuufikia. Usihangaike nao, kwani utepe mpya hukaa papo hapo na kuufunika. Katika Civil Air Patrol, utepe wa chama hukaa juu ya mfuko wa kushoto wa kifua na ule wa jina la ukoo juu ya mfuko wa kulia, na mambo mengine yote ya alama yameandikwa katika kanuni yao namba 39-1. Kila chama kina kitabu chake, na kila kitabu hubadilika; kisome kile cha mwaka huu, au mwulize ofisa wa kikosi, kabla hujatia uzi sindanoni. Na unaposhona utepe, tia kadi nene ndani ya mfuko ulio chini yake, sindano isije ikaushona mfuko ukawa pambo tu.

Baada ya kushona

Kata kipande cha utepe mweupe, uandike kwa wino usiotoka kila ulichokifanya: ubavu sentimita mbili na nusu, mgongo mikunjo miwili, mkono sentimita nne, pamoja na tarehe, kisha ukishone karibu na kitambulisho cha asili. Fundi atakayelifungua gwanda hilo baada ya miaka miwili hatakuwa na haja ya kubahatisha, na mzazi atakayepewa bure atajua kiasi cha akiba kilichomo ndani.

Mtoto akirefuka, fungua kwanza mikono na pindo la suruali, kisha mbavu, na mwisho mgongo, kwa kuwa vijana wengi hurefuka kabla ya kupanuka. Mashimo ya sindano yatapungua baada ya kufuliwa na kupigwa pasi ya mvuke, ingawa mstari hafifu huweza kubaki, na huo si aibu.

Limesalia neno moja la hadhari, nalo linawahusu hasa wale wenye jamaa Afrika ya Mashariki. Gwanda likimpita mtoto kabisa, usilitie katika mzigo wa kuwapelekea nduguzo, hata kama alama zote zimetolewa na hata kama shangazi yake ameliomba kwa ajili ya shamba. Sheria za Kenya, za Uganda na za Tanzania zinamkataza raia kuvaa sare ya jeshi au nguo inayofanana nayo pasipo idhini, na askari anayemkamata kijana barabarani hataulizia kama vazi lile liliwahi kuwa la kadeti huko Alabama. Lirudishe kikosini lilikotoka, likiwa limefuliwa, vifungo vimetimia na upana wake wote ungalimo ndani ya mishono, ili yule ofisa wa ghala akimwona mtoto mwingine wa miaka 12 mlangoni, awe na la kumpa.